Kabla ya Viroba Kufika Somanda

Mpwa wangu, dereva wa bodaboda hapa Bariadi, aliniambia juzi kwamba vijana wa zamani nao walilewa vilevile, ila hakuna aliyewapiga picha. Neno hilo limenichoma. Sisi tulioona tumenyamaza, wao wajue kwa nani?

Pombe ilikuwepo, tena nyingi. Msimu wa pamba ukifika na fedha zikaingia mikononi, vilabu vilijaa. Nyuma ya kwetu, Somanda, alikuwepo mama aliyepika pombe ya mtama. Wote tulimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Alianika kimea kwenye mkeka, na harufu yake, chachu yenye utamu kwa mbali, ilitufikia kitandani alfajiri. Pipa lilikaa jikoni, kata ikaning'inia ukutani, na hakuna aliyeigusa ila yeye. Wazee walikaa kwenye magogo kwa mpangilio walioujua wenyewe. Kijana akijipenyeza, mayu hakupiga kelele. "Wewe ni wa kwa nani?" Akishajitaja alipewa ndoo akachote maji, na kabla jua halijazama baba yake alikuwa na habari. Aliyezidisha alinyimwa, hata awe ameuza pamba ya mkokoteni mzima. Nilimwona akimrudishia mzee mmoja noti yake, akamwambia akanunue chumvi, maana mkewe alikuja kuazima jana. Mzee aliondoka. Kesho yake alipita kumwamkia, "Mwangaluka, mayu," kama kawaida.

Gongo na bangi navyo vilikuwepo. Bangi ilifichwa katikati ya mahindi, gongo ikapikwa korongoni usiku. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakimnasa mpishi walimtoza mbuzi, na aibu ikabaki kwa ukoo mzima.

Kilichoharibu ni kiroba. Nimejaribu kukumbuka mwaka kilipofika; dada yangu anashikilia kwamba ni kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, tulipokuwa bado Shinyanga. Tuuache mwaka. Kilikuwa kifuko cha plastiki chenye pombe kali, shilingi 500, kikining'inia dukani jirani na peremende. Mwanafunzi alikitia mfukoni, akakimaliza njiani, akakitupa. Hapakuwa na kata wala gogo, wala mtu wa kumuuliza ni wa kwa nani. Ulevi ulitoka machoni pa watu wazima, na hatujaurudisha mpaka leo.

Serikali ilipovipiga marufuku viroba Machi 1, 2017, nilifurahi kwelikweli. Lakini vijana walikwishazoea kunywa haraka, asubuhi, kila mtu na chake. Zikaja chupa ndogo, gongo ikatiwa kwenye chupa za maji, bangi ikavutwa kijiweni mchana kweupe. Barabara ya lami ya kwenda Lamadi imetusogezea Mwanza, pamoja na kila kinachouzwa Mwanza.

Nakereka ninaposikia kwamba tiba ipo. Methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikafika Mwanza, ni ya waliotumia heroini. Kijana wa jirani yangu anaamka akitetemeka kwa kukosa gongo, na akivuta bangi anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Dawa hiyo si yake. Mama yake ameuza ng'ombe, akampeleka kwa waganga, kisha hospitali, na wiki hiyohiyo aliyorudi naye nyumbani kijana alikuwa kijiweni. Sasa ananiuliza kama kuna nyumba ya upataji nafuu iliyo karibu na sisi, na itamgharimu kiasi gani. Nimeanza kumuulizia.