Ndoa Tatu, Nafsi Moja: Safari ya Janie

Waswahili husema kuwa ndoa ni ndoano. Katika riwaya ya Zora Neale Hurston, Their Eyes Were Watching God (1937), Janie Crawford, mwanamke Mweusi wa jimbo la Florida, Marekani, anaimeza ndoano hiyo mara tatu akiitafuta nafsi yake.

Ndoa ya kwanza si chaguo lake. Nyanya yake, aliyezaliwa utumwani, anamwoza kwa Logan Killicks, mkulima mwenye ekari 60. Ni vigumu kumlaumu ajuza huyo. Kwa mtu aliyewahi kumilikiwa kama mali, ardhi ya mume ndiyo kinga ya mjukuu. Hata hivyo, kinga si mapenzi, na Janie anatoroka na Joe Starks.

Joe anakuwa meya wa Eatonville, mji wa Weusi, na kumkweza mkewe juu ya wanawake wenzake. Lakini anamkataza kuhutubia umma na kumlazimisha kufunga kitambaa kichwani awapo dukani. Kwa takriban miaka 20, Janie anauficha undani wake nyuma ya uso mtiifu. Siku anapomjibu Joe mbele ya wateja, utawala wa mume huyo unaporomoka.

Tea Cake, mume wa tatu, anamfundisha kucheza drafti na kufanya kazi naye bega kwa bega katika mashamba ya maharagwe. Msomaji hushawishika kukomea hapa na kuhitimisha kwamba utu wa Janie umekamilishwa na mume mwafaka. Hitimisho hilo linasahau kuwa Tea Cake naye anampiga, ili wengine wajue nani anammiliki. Baadaye, anapopagawa kwa kichaa cha mbwa na kumlenga bastola, Janie anampiga risasi kuyaokoa maisha yake mwenyewe. Anampenda, lakini hakubali kufa kwa ajili yake.

Janie anarejea Eatonville peke yake na kumsimulia rafikiye Pheoby yote yaliyomsibu. Hapo ndipo utafutaji unapofikia kikomo. Nafsi yake haikutolewa na mume yeyote. Imo katika kauli anayoimiliki. Naye Pheoby, baada ya kusikiliza, anaazimia kumtaka mumewe waende wote kuvua samaki. Kauli ya mwanamke mmoja imemwamsha mwingine.