Choroa na Kasa: Majina Niliyoyaokota Oman

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Msafiri mmoja huokota vyombo, mwingine picha, mwingine simulizi za kuwatambia waliobaki nyumbani. Mimi, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu na ndiyo starehe yangu, aghalabu huokota majina. Nikifika ugenini humwuliza mwenyeji wangu mnyama huyu anaitwaje, upepo huu mnauitaje, kisha nami humpa jina la kwetu, tukabadilishana kama wafanya biashara wa zamani.

Mwezi wa Agosti nilialikwa Oman na mama yangu mdogo, aliyeondoka Unguja angali kijana na ambaye mpaka leo makao yake ni Maskati. Safari hiyo ilinifunza mambo mawili: kwamba jina laweza kuendelea kuishi baada ya mwenyewe kutoweka, na kwamba mwenyewe aweza kuendelea kuishi huku jina lake likififia vinywani. La kwanza nilifunzwa na choroa, la pili na kasa.

Nianze na choroa. Huku kwetu mnyama huyu yumo Tarangire, yumo Mkomazi, na yumo katika nyika kavu za kaskazini mwa Kenya. Ana pembe mbili ndefu zilizonyooka kama mikuki, na rangi yake ni ya kijivu iliyochanganyika na kahawia. Choroa wa Uarabuni ni mdogo kuliko wetu, tena ni mweupe, isipokuwa miguu na alama za usoni zilizokoza. Nilimwona katika hifadhi ya Al Wusta, sehemu za kati za nchi, baada ya mwendo mrefu katika barabara iendayo Salalah. Ardhi ile ni tambarare ya changarawe, haina mti ila miiba ya hapa na pale, na jua lake halina huruma. Choroa walisimama chini ya kivuli chembamba cha mgunga mmoja, kimya, wakatutazama kama watu waliozoea kungoja. Mmoja alipogeuka ubavu, pembe zake mbili zililingana zikawa kama moja, nikafahamu kwa nini wako wanaodhani kwamba hadithi za kale za farasi mwenye pembe moja zilitokana na mnyama huyu.

Askari wa hifadhi aliyetuongoza ni mtu wa kabila la Harasis, wenyeji wa jangwa lile. Alituambia kwamba wao humwita maha. Nami nilishtuka kidogo, kwa maana jina hilo nililijua zamani, si kwa mnyama bali kwa watu: wasichana wengi wa Kiarabu huitwa Maha, na washairi wa Kiarabu tangu enzi za kale wamemsifu mwanamke mzuri kwa kuyafananisha macho yake na macho ya maha.

Sasa tazama ajabu yake. Mwaka 1972 choroa wa mwisho wa mwituni waliuawa na wawindaji katika tambarare ile ile ya Jiddat al-Harasis, na kwa miaka 10 hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa huru jangwani. Waliosalia walikuwa wafungwa wa mazizi, baadhi yao katika bustani ya wanyama ya Phoenix, Marekani, walikokusanywa tangu miaka ya 1960 kwa kuhofia siku hiyo. Lakini wasichana waliendelea kuitwa Maha, na mashairi yaliendelea kusomwa. Jina lilikuwa hai, mwenyewe hayupo.

Mwaka 1982 walirejeshwa jangwani, na Harasis ndio waliopewa kazi ya kuwalinda. Walizaana hata wakapita 400, na mwaka 1994 UNESCO ikaitia hifadhi yao katika orodha ya urithi wa dunia. Kisha majangili wakarudi, wakiwakamata wakiwa hai ili kuwauza. Idadi ikaporomoka hadi 65 hivi, eneo la hifadhi likapunguzwa kwa asilimia 90, na mwaka 2007 hifadhi hiyo ikawa ya kwanza duniani kufutwa katika orodha ile. Niliowaona mimi walikuwa ndani ya uzio. Nilimwuliza yule askari kama jambo hilo linamhuzunisha. Akajibu kwamba babu yake aliwaona wakiwa huru, baba yake hakuwaona kabisa, na yeye anawaona nyuma ya waya. Mwanawe, Mungu akipenda, atawaona tena nje. Sikuwa na neno la kuongeza.

Kutoka huko tulirudi Maskati, tukapumzika, kisha tukashika njia ya pwani kuelekea Sur, yapata kilomita 200. Safari hii mama mdogo alikuja nasi, pamoja na mjukuu wake wa miaka 11. Mtoto huyo ni mchangamfu, lakini Kiswahili chake ni cha salamu na chakula tu. Bibi yake humsemesha Kiswahili, naye humjibu Kiarabu. Na wazazi wake wakitaka kumgombeza humgombeza Kiarabu, jambo ambalo mama mdogo huliona kuwa ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Sur ni mji wa majahazi. Hapo pamehifadhiwa chombo kiitwacho Fatah al-Khair, kilichoundwa papo hapo mwaka 1951. Vyombo vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa vikija kwetu kwa pepo za kaskazi, vikingoja kusi vipate kurudi na boriti za mikoko za Lamu na Rufiji. Mama mdogo aliuzunguka ubavu wa chombo kile akivitaja viungo vyake kimoja kimoja: mlingoti, foromali, tanga, usukani, nanga. Mjukuu alimfuata nyuma, akicheka kila alipolisikia neno lifananalo na la Kiarabu.

Jioni tulifika Ras al Jinz, karibu na ncha ya mashariki kabisa ya bara Arabu. Ufuo huo umehifadhiwa rasmi tangu mwaka 1996 kwa ajili ya kasa wanaopanda kutaga. Mwongozaji alituonya: pasiwe na kelele, pasiwe na simu, pasiwe na mwanga ila taa yake hafifu. Sababu ni kwamba kasa akiona mwanga huahirisha kutaga akarudi baharini, na watoto wake wanapoangua huifuata sehemu iliyo na mwangaza zaidi, ambayo kwa maumbile ni upeo wa bahari. Wakiona taa za watu huenda nchi kavu wakafa.

Tulikwenda kwa miguu gizani, mama mdogo ameushika mkono wangu. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kwa nguvu. Mwongozaji akatusimamisha, akaelekeza taa yake nyuma ya kichuguu cha mchanga, nasi tukamwona: kasa mkubwa, uzito wake si chini ya kilo 100, mwili ameulaza shimoni, anataga. Mayai yalidondoka mawili mawili, matatu matatu, meupe, ya mviringo, yenye utelezi. Mtago mmoja hufika mayai 100 hivi. Machozi mazito yalimtiririka. Wataalamu husema si kilio bali ni chumvi ya bahari anayoitoa kwa tezi za machoni. Lakini aliyemwona usiku hawezi kuzuia moyo wake kufikiri vingine.

Baada ya siku 60 hivi mayai huanguliwa. Joto la mchanga ndilo liamualo: mchanga wa joto zaidi hutoa majike, wa baridi zaidi hutoa madume. Watoto hao huingia baharini, na atakayesalimika huchukua miaka 20, 30, hata zaidi, kabla ya kupevuka. Hapo ndipo jike huongozwa na nguvu ya sumaku ya dunia kurudi kutaga katika pwani alikozaliwa.

Mjukuu akanong'ona kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu gizani alitaka kusikika na bibi yake peke yake: “Bibi, kobe mkubwa!”

“Si kobe, mjukuu wangu,” mama mdogo akamjibu. “Kobe ni wa nchi kavu. Huyu ni kasa.”

Nilitafakari. Kiarabu alichokizoea mtoto yule humtosheleza kwa neno moja, sulhafa, kwa wa nchi kavu na wa baharini. Kiswahili kina kobe, kina kasa, na kina ng'amba, yule mwenye gamba la thamani ambalo limekuwa bidhaa ya pwani yetu tangu karibu miaka 2,000 iliyopita. Watu walioyatenga majina haya waliijua bahari yao kwa mikono.

Tulipokuwa tukirudi, mama mdogo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Mwanangu, mie kasa nimemjua tangu utotoni, lakini nimemjua chunguni tu. Leo ndiyo mara ya kwanza kumwona anapumua.”

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, niliandika ubeti huu:

Kasa katoka majini, usiku umetulia,
Achimbua ufuoni, mayai kuyafukia,
Hana mwenyeji nyumbani, wala wa kumwulizia,
Njia yake i moyoni, kwa ramani hakujia.

Nilimsomea mama mdogo asubuhi. Alisema mizani imekaa sawa, ila mstari wa tatu hakuupenda, kwa kuwa sisi tulikuwapo. Nikamwambia ubeti umekwisha andikwa. Akasema basi wa pili nimtie yeye.

Njiani kurudi Maskati mtoto alitoa daftari lake akamtaka bibi ampe majina mengine. Mama mdogo akaanza: nguva, pomboo, chewa, pweza, taa, papa. Mtoto aliandika kwa herufi anazozijua, yaani za Kiarabu, bila kuelewa kwamba hivyo ndivyo wazee wake walivyokuwa wakikiandika Kiswahili kwa karne nyingi kabla ya hizi herufi ninazoziandika mimi hapa. Alipofika kwenye ng'amba alikwama, kwani sauti hiyo hakuiona katika alfabeti yake. Alifikiri kidogo, akaitamka mara mbili tatu kooni, kisha akaandika ghaini. Ndivyo walivyoandika hata wale wa zamani, na hakuna aliyemfundisha.

Mama mdogo alilichukua daftari, akavaa miwani, akasoma orodha yote kwa sauti toka juu hadi chini. Kosa lilikuwa moja tu, nalo alimsahihishia kwa Kiswahili.