Uzi Niliotupa

Msahafu wa kwanza niliokabidhiwa kuutengeneza uliletwa na bibi mmoja wa Lamu, umefungwa ndani ya leso. Uliandikwa na babu wa mumewe kwa kalamu ya mwanzi. Jalada la ngozi ya mbuzi lilikuwa limebanduka, kurasa za mwanzo zinaning'inia. "Ushike taratibu, mwanangu," aliniambia. "Humu mna dua za watu." Nikamwahidi.

Nilikuwa kijana niliyefunzwa kujalidi vitabu vya ofisini: unakata uzi uliochakaa, unashona upya juu ya kamba, unapaka gundi mgongoni, unabandika jalada gumu. Ndivyo nilivyofanya. Uzi wa zamani, mwembamba kama wa hariri, niliufagia pamoja na vumbi. Bibi alinishukuru sana. Ilipita miaka ndipo nikajua nilichokifuta.

Kitabu cha Kiislamu cha kale kwa kawaida hakishonwi juu ya kamba. Mafungu ya karatasi huunganishwa kwa mshono wa mnyororo, mara nyingi kwa matundu mawili tu. Juu na chini ya mgongo husukwa nyuzi za rangi mbili, zikakaa pembe pembe kama ukili wa mkeka. Jalada halizidi kurasa, na upande wa nyuma lina ulimi unaokunjwa kufunika ncha za kurasa, ukaingia chini ya jalada la mbele. Vitabu hivi vilihifadhiwa kwa kulazwa, na ulimi ulizikinga kurasa na vumbi. Mkono wa fundi, mji wake na mwalimu wake vinaweza kutambulika katika mshono huo.

Nikajifunza pia kusoma karatasi bila kusoma maneno. Ukurasa ukiinuliwa dirishani asubuhi, mara nyingi hilali tatu hujitokeza, kubwa, ya wastani na ndogo: alama ya viwanda vya kaskazini mwa Italia vilivyotengenezea masoko ya dola ya Uthmania. Karatasi za Italia zilifika hadi kwa waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, waliopamba misahafu yao kwa nyeusi, nyekundu na manjano. Wino nao una tabia zake. Wa masizi na gundi ya mgunga haupauki, ila tone la maji laweza kuuhamisha. Wa chuma hung'ang'ania, lakini asidi yake hula karatasi mpaka herufi zinadondoka. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote, kwanza najaribu pembeni, kwenye nukta moja.

Siku hizi sikati uzi nisipolazimika. Kipande kikianguka, hata kiwe na urefu wa ukucha, nakitia kwenye bahasha na kuandika namba ya ukurasa.

Juzi mjukuu wa yule bibi alinirudishia msahafu ule. Gundi yangu ilikuwa imekauka na mgongo umepasuka. Niliitoa kazi yangu kidogo kidogo kwa siku tatu. Kwenye kunjo la kila fungu, kando ya matundu yangu manne, yale mawili ya zamani yalikuwa bado yapo. Nikapitisha sindano humo humo. Rangi za ukili sikuzijua, basi nikausuka kwa uzi mweupe.