Nitilie, Mama Mdogo

Wenzangu mnaoniulizia maisha ya Seoul, wengi mnauliza baridi. Baridi ipo, lakini dawa yake ni koti. Kilichonisumbua mimi tangu nilipofika ni kula peke yangu.

Hapa migahawa mingi ya nyama choma na ya mchuzi wa chungu inapika kuanzia watu wawili. Chungu kinawekwa katikati ya meza, mnakula pamoja. Desturi nzuri kabisa, kama una mwenzio. Ukiingia peke yako, mhudumu anakuonyesha vidole viwili na unaelewa bila mkalimani. Mwezi wa kwanza nilionyeshwa vidole hivyo mara nne. Basi nikawa nanunua tambi za kumwagia maji moto, nazila bwenini huku natazama ukuta.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja mwenye kimgahawa cha bunsiki, nyuma tu ya bweni letu. Ana meza tatu, dirisha la kuwauzia wanaobeba, na sinia pana la chuma ambamo tokboki inachemka tangu asubuhi. Tokboki ni vipande vya unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke na kukandwa, virefu kama kidole, ndani ya rojo jekundu la gochujangi, yaani pilipili iliyochachushwa pamoja na soya. Kwanza unasikia utamu. Ukishajisemea "aa, kumbe kawaida tu", ndipo pilipili inafika. Pembeni kuna omuki, samaki aliyesagwa na kuchomekwa kwenye kijiti, na supu yake unajichotea mwenyewe kwenye kikombe cha karatasi bila kulipa. Sahani ya tokboki nalipa won 4,000, kwa hela yetu kama elfu saba na ushee. Hakuna anayekuuliza mko wangapi.

Neno bunsiki maana yake ni chakula cha unga, na lina historia ya njaa. Baada ya vita ya 1950 hadi 1953 mchele ulikuwa haba, na ngano ya msaada kutoka Marekani ikaingia kwa wingi. Serikali ikawahimiza watu wale vyakula vya unga. Mwaka 1969 ikafika mahali Jumatano na Jumamosi migahawa inakatazwa kuuza wali mchana. Tokboki yenyewe zamani ilikuwa chakula cha ikulu, ikiungwa kwa mchuzi wa soya. Hii nyekundu husimuliwa kwamba aliianzisha Ma Bok-rim, mama muuza chakula wa Sindang-dong hapa Seoul, mwaka 1953. Leo watoto wa shule wanaigombania wakitoka darasani.

Wateja wa yule mama wanamwita imo. Mwenzangu wa darasani akanieleza kwamba imo ni dada wa mama. Nikacheka, maana na sisi tumefanya vilevile. Mama ntilie ni nini, kama si sauti ya mtoto mwenye njaa: mama, nitilie? Wao na sisi hatujawahi kuwa majirani, lakini wote tumeona haitoshi kumwita anayekulisha "muuzaji" tu.

Sisemi imo amenilea. Nalipa, ananihudumia, na jina langu hajaniuliza hadi leo. Tena wapo wanawake wasiopenda kuitwa hivyo. Wanasema wako kazini, si dada wa mama yako, na vijana wengi siku hizi wanasema sajangnim, mwenye biashara. Wana hoja. Undugu wa mdomoni ni njia rahisi ya kudai zaidi ya ulicholipia. Hata huko kwetu tunawajua wanaomwita mama ntilie "mama" muhula mzima, na deni la wali maharage linasubiri bumu, bumu linaingia, deni liko palepale.

Lakini nimeona pia upande wa pili. Migahawa mingi hapa sasa unaagiza kwenye skrini. Unabonyeza, unalipa, namba yako inatokea, unabeba mfuko wako. Ni haraka, na unaweza kumaliza wiki bila kutamka neno. Kwa mtu aliye mbali na kwao, wiki hiyo ni ndefu sana. Siku nyingi "imo" ndilo neno la kwanza kutoka mdomoni mwangu, na ni saa moja usiku.

Desemba, wiki ya mitihani, aliniona nasubiri dirishani na madaftari mkononi. Akaongeza yai la kuchemsha kwenye mfuko wangu, akasema "seobisu". Ndivyo wanavyoiita nyongeza.

Nyinyi mlio huko, jioni hii mkipita kwa mama ntilie wenu, mlipeni kwanza deni lake. Halafu mwiteni mama.