Kabla ya Mvua za Kwanza

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mpiga chapa wa muswada wa filamu uliokuwa ukiandikwa Tabora. Mwongozaji alitoka Dar es Salaam. Mwandishi alikuwa mwalimu mstaafu wa hapa hapa, Mnyamwezi ambaye babu yake alibeba mizigo katika njia ya Bagamoyo.

Fimbo ya Mnyonge, iliyotolewa na Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1976, ilikuwa bado midomoni mwa watu, na mwongozaji alitaka kuipita. Basi mazungumzo ya mwanzo yakatapanyika. Asubuhi Mtemi Mirambo na wapiganaji wake, rugaruga. Mchana Stanley na Livingstone kwenye tembe la Kwihara, 1872. Jioni Mtemi Isike akilipua baruti bomani mwake, Januari 1893, Wajerumani walipomvamia. Kila tukio lilitosha filamu nzima, na hapo ndipo tulipokuwa tukipotea.

Siku moja tulikwenda Kwihara kwa miguu. Chini ya miembe Mwalimu akauliza: "Mwanangu, katika haya yote, mzigo kabeba nani?"

Kuanzia hapo wakamshika mtu mmoja: mpagazi anayerudi kutoka pwani, frasila mbili begani, karibu kilo 32, mwendo wa miezi kama mitatu. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa wakulima. Mvua zikimkuta njiani, shamba limelala. Je, atafika kabla ya mvua za kwanza? Lisilogusa swali hilo liliandikwa katika daftari la pembeni, Isike akiwamo. Mwongozaji aliumia, nilimwona.

Kila asubuhi kila mmoja alisimulia hadithi nzima bila karatasi. Walipotofautiana, kazi ya siku ilianzia hapo. Habari za kamera zilingoja. Wala si Mwalimu pekee aliyekuwa akikata: hotuba ndefu aliyompa mpagazi kuhusu mvua, mwongozaji aliifuta yote. "Mwalimu, mtu huyu amechoka. Atazame mawingu tu." Mzee akanyamaza kidogo, akaniambia nipige chapa ukurasa mpya. Naamini hadi leo kwamba ule ndio ukurasa bora wa muswada.

Filamu haikupigwa. Mikanda ilinunuliwa nje na kusafishwa nje, na baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwongozaji aliondoka na muswada. Mwalimu akalichukua daftari la pembeni, akaanza kumwandikia Isike mchezo wa jukwaani.