Tivii Jikoni

Wapo wanaogombana na waume zao kwa sababu ya simu, wapo wanaogombana kwa sababu ya hela. Mimi na wangu tulinuniana siku nne kwa sababu ya tivii ya inchi 19. Msicheke, mwenye nyumba isiyo na ugomvi wa kijinga anyooshe mkono.

Tunaishi Chake Chake, Pemba, kwenye nyumba ya familia ya mume wangu. Nilihamia nikitokea Dar es Salaam, nikaikuta na sebule kubwa ya kupokelea wageni na jiko ambalo wakiingia watu watatu, mmoja lazima atoke. Nimelipima kwa utepe: mita mbili na nusu kwa mita mbili. Humo humo kuna jiko la gesi na mtungi wake, friji, kabati la vyombo, ndoo za maji, na mama mkwe wangu juu ya mbuzi yake anakuna nazi. Habari za tui la pakti usimwambie.

Mimi ni mhariri. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku kwangu ni kazi, na saa 2 usiku ndiyo saa ambayo niko juu ya sufuria. Nasikia muziki wa taarifa sebuleni, nauliza kwa sauti, "Wamesema nini?" Mume wangu anajibu, "Mambo ya bajeti." Bajeti gani, ya nani, huambiwi. Nikitokeza na mwiko mkononi, wameshahamia kwenye mpira.

Lakini niwe mkweli, haikuwa habari tu. Nilikuwa nimeanza kujiona mgeni ndani ya nyumba yangu. Watoto na baba yao wanaangua kicheko sebuleni, mimi kicheko nakisikia kupitia ukutani, sijui kinachochekesha. Ramadhani ndiyo kabisa, tangu alasiri mpaka futari iko mezani sijui dunia inakwendaje. Mwenzangu, unaweza kuwa mpweke nyumba ikiwa imejaa watu. Hilo sikumwambia mume wangu. Nilimwambia nataka tivii jikoni.

"Jikoni? Utaiweka wapi, juu ya kichwa cha mama?"

Hapo ndipo tuliponuniana.

Siku ya tano akarudi na boksi kwapani. Wanaume bwana, hawaombi radhi, wananunua. Basi tukaanza kutafuta pa kuiweka. Kwanza nijue, na wewe ujue kabla hujaenda dukani: inchi zile hupimwa kona hadi kona, siyo upana. Tivii ya inchi 19 ina upana wa sentimita 42 hivi, ya inchi 24 inafika 53. Kwenye jiko kama langu, hizo sentimita 11 ni nafasi ya birika na chujio la chai.

Juu ya friji tulijaribu. Kila mlango ukifungwa tivii inatikisika, na waya ukawa unapita mbele ya kabati. Ndani ya kabati? Haipati hewa, itachemka. Ukuta wa karibu na jiko la gesi ulikuwa mtupu, ukinitazama kabisa, lakini mvuke na mafuta ya kukaangia samaki yangeimaliza mapema. Ukabaki ukuta wa pembeni mwa mlango, zaidi ya mita moja kutoka kwenye moto, mbali na maji, hewa inapita. Nyuma ya tivii utaona matundu manne ya skrubu, mara nyingi yameachana milimita 75 au 100. Yapime ndiyo ukanunue chuma cha kuning'inizia. Sisi tulinunua kwanza, tukarudi dukani.

Waya tuliuvuta kutoka kwenye kisimbuzi cha sebuleni, maana yake jikoni tunaona kile kile wanachoona wao. Mimi sikulalamika. Ndicho nilichokuwa nakitaka.

Mume wangu akatoboa ukuta mwenyewe, akaiweka usawa wa macho yake, akarudi nyuma hatua moja (zaidi ya hapo angekanyaga ndoo), akasifu kazi. Mama yuko chini kwenye mbuzi yake. Akainua shingo, akatazama, akasema, "Mimi naona kiza." Kweli, tivii hizi ndogo za bei nafuu ukizitazama kutoka chini picha inakuwa nyeusi, sura za watu hazitambulikani. Mtu amezaliwa na kukulia kwenye nyumba ile, na hajawahi kufikiri kwamba wanaopika Pemba nusu ya kazi wanaifanya wamekaa chini! Ikabidi ateremshe chuma, tivii ikashuka na kuinamishwa mbele kidogo, mimi nione nikisimama na mama aone akiwa amekaa.

Mama si mshamba wa televisheni. Televisheni ya Zanzibar ilianza 1973, ya rangi, wakati Bara walisubiri mpaka 1994. Mama yangu mzazi pale Dar alikuwa ameshanizaa kabla hajaiona sebuleni kwake. Mama mkwe anasema yeye alikuwa akienda kuitazama kwa jirani tangu yuko skuli, umeme wa majenereta ukiruhusu. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba 2010.

Kwa hiyo aliponiambia hakuipenda, hakuwa anaogopa kitu kigeni. Alisema, "Mwanangu, hiyo ikikaa humu, mimi na wewe hatutozungumza tena." Nikacheka, nikamwambia, "Mama, nawe!"

Mwaka niliopoteza mimba, mama hakuniuliza neno mbele za watu. Aliniita jikoni, akanipa sinia la mchele nichague, akaanza kunieleza habari za mtoto wake wa kwanza, ambaye mume wangu mwenyewe alikuwa hajui kama aliwahi kuwepo. Mchele ule tuliuchagua mpaka magharibi.

Wiki ya pili tangu tivii itundikwe, mama alikuwa ananisimulia alivyoletwa kwenye nyumba hii akiwa bi harusi, siku ya kwanza anaingia jiko hili na mama mkwe wake mwenyewe amekaa hapo hapo. Tamthilia ikafika patamu. Nikamwambia, "Mama, ngoja kidogo." Akangoja. Ilipokwisha nikasema, "Ehe, ikawaje?" Akasema, "Nimesahau," akaendelea kukuna.

Usiku ule nilimweleza mume wangu yote, hata lile la kujiona mgeni. Alikaa kimya, kisha akauliza kwa nini sikusema tangu mwanzo, angeokoa bei ya tivii. Nikamtupia mto.

Tivii hatukuiondoa. Naiwasha saa 2 kwa taarifa ya habari, ikiisha nazima, wacheke sebuleni wanavyotaka. Ila sasa mume wangu, akishakinai na mpira, huja na kigoda chake na kukaa kizingitini, maana ndani hakuna pa kuweka hata goti.

Juzi tulikuwa tunachambua mchicha, umeme ukakatika. Mama akasema, kama anayejisemea, "Siku ile nilivaa kanga za kijani." Nikatulia. Mume wangu naye akasogeza kigoda.

Mama akamtazama. "Unataka kusikiliza?"

"Naam, mama."

"Basi njoo ukae huku, shika nazi."

Alikuna vibaya, vipande vikubwa vikubwa vya kutafuna. Mama hakumkatiza.