Jina la mtoto lisibadilishwe kwa sababu ya mpira



Katika vijiji vyetu, kuanzia Nyabiondo mpaka Mubi, mtoto wa kiume hana haja ya uwanja ili acheze mpira. Anafunga nailoni na matambara kwa kamba ya mgomba, anaweka mawe mawili kuwa lango, na jioni yake inaishia hapo. Tunamwita aende kuchota maji, hasikii. Akisikia, anatuambia kwamba siku moja atacheza Ulaya na kutujengea nyumba ya matofali.

Zamani tulicheka. Siku hizi hatucheki, kwa sababu kuna watu wazima wanaokuja na maneno hayohayo. Wanatazama mashindano ya likizo, wanauliza umri wa huyu na wa yule, halafu wanamtafuta mama. Mwenzetu mmoja katika kikundi aliambiwa kwamba mtoto wake wa miaka 15 ana miguu ya dhahabu. Atoe tu dola za dosye, na akubali mtoto apunguziwe umri na apewe jina lingine, kwa kuwa karatasi za jina hilo ziko tayari.

Siku ile ya AVEC tulibishana sana, pesa za akiba zikiwa bado juu ya meza. Mama mmoja alisema: “Hapa atakuwa nini? Atashuka kwenye shimo la koltani Rubaya, ao atapewa bunduki. Mwacheni aende, hata kwa jina la jirani.” Hakuna aliyemcheka. Sisi sote tumekimbia vita mara nyingi, tunajua uchungu ulio ndani ya neno lake. Ndiyo maana tumeona vema kuwaeleza habari ya kijana mmoja wa nchi yetu aliyekubali jina lisilo lake, naye akafika Ulaya kwelikweli.

Anaitwa Silas Katompa Mvumpa. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1998. Ni mshambuliaji mwenye mbio sana. Mwaka 2017 alipata nafasi ya kwenda Ubelgiji kujaribiwa na klabu ya Anderlecht. Viza yake ilikuwa ya muda mfupi, alipaswa kurudi nyumbani. Kwa maelezo yake na ya klabu yake ya baadaye, wakala aliyemshughulikia alimwambia kwamba akirudi Kinshasa hataingia Ulaya tena. Akamchukua Paris, akamkalisha kwake, akampatia jina jipya, Silas Wamangituka, na umri uliopungua kwa mwaka mmoja.

Kwa macho ya watu, mambo yalimwendea vizuri. Alicheza Paris FC, na mwaka 2019 klabu ya VfB Stuttgart ya Ujerumani ikamnunua kwa mamilioni ya euro. Katika msimu wa 2020/2021 alifunga mabao 11 katika ligi kuu ya Ujerumani, akatangazwa kuwa mchezaji mpya bora wa ligi hiyo. Kama angekuwa mtoto wa Masisi, tungepiga vigelegele mpaka Goma isikie.

Lakini nyuma ya mabao hayo kulikuwa na kijana mwenye hofu. Ilielezwa kwamba wakala alikuwa ameshika karatasi zake na akaunti yake ya benki, na kwamba alimtenga na watu wengine. Kijana angemshitaki vipi, wakati jina lenyewe la kushitakia lilikuwa la uongo? Yule anayekupa jina la uongo anabaki na ufunguo wa maisha yako. Akitaka, anakutoboa. Akitaka, ananyamaza na kula mshahara wako.

Alipoachana na mtu yule, Silas mwenyewe aliiambia klabu yake ukweli, na mwezi wa 6 mwaka 2021 habari ikatangazwa hadharani. Klabu ilisimama upande wake na kusema kwamba yeye ndiye aliyeumizwa. Hata hivyo shirikisho la mpira la Ujerumani lilimfungia miezi 3 na kumtoza faini ya euro 30,000. Wamama, tukae juu ya jambo hilo kidogo. Kila mtu aliona kwamba kijana alidanganywa akiwa mbali na kwao, lakini adhabu ilimwangukia yeye, kwa sababu ndiye aliyeingia uwanjani na jina lile.

Mungu alimsaidia, hakupoteza kazi. Mwezi wa 1 mwaka 2024, kwenye Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, Silas ndiye aliyesawazisha bao tulipocheza na Moroko, na timu yetu ilimaliza ya nne. Wengi wetu tulisikiliza mashindano yale kwa redio. Lakini yeye alikuwa na kipaji kikubwa na klabu yenye nguvu nyuma yake. Mtoto asiye na klabu, aliyeachwa katika mji wa baridi na pasipoti isiyo yake, hana wa kumtetea.

Kuna njia nyingine, nayo imepitiwa na wana wa Kongo. Fiston Mayele alicheza AS Vita Club hapa nchini. Mwaka 2021, akiwa mtu mzima wa miaka 27, alikwenda Yanga ya Dar es Salaam, kwa jina lake na kwa mkataba. Mwaka 2023 alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la Afrika kwa mabao 7, na Yanga ikafika fainali. Kutoka hapo alihamia Pyramids ya Misri, na tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2025 alifunga bao kule Kairo, siku Pyramids ilipochukua ubingwa wa Afrika mbele ya Mamelodi Sundowns. Hakuna aliyempunguzia umri. Wasichana pia wapo: Merveille Kanjinga alikuwa mshambuliaji wa TP Mazembe, timu iliyochukua kombe la mabingwa la wanawake wa Afrika mwaka 2024, kisha akaenda Paris Saint-Germain. Kwa hiyo binti naye tusimfukuze uwanjani kwa fagio.

Sasa, yale tunayotaka kila mama ayajue kabla mtu hajapiga hodi.

La kwanza, sheria ya FIFA haikubali mchezaji wa chini ya miaka 18 auzwe ao apelekwe katika klabu ya nchi nyingine. Kuna ruhusa chache, kama vile familia nzima inapohama kwa sababu isiyo ya mpira. Lakini mtu anayetaka kumtoa mtoto wa miaka 15 peke yake ili akacheze Ulaya anaanza kwa kuvunja sheria. Tena wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na hawezi kufanya kazi na mtoto bila mzazi kukubali kwa maandishi.

La pili, jina linabeba pia haki ya kijiji. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Timu ndogo ya Walikale iliyomwandikisha vizuri inaweza kudai sehemu yake. Lakini itadai vipi, ikiwa anayeuzwa ana jina ambalo halijawahi kuandikwa Walikale? Na wewe mama, kwenye karatasi zile mpya hutakuwa mama yake. Akiugua huko, utaomba viza ya kumwona kwa undugu gani?

La tatu ni cheti cha kuzaliwa. Sheria yetu inatupa siku 90 baada ya kujifungua ili tuandikishe mtoto katika ofisi ya serikali, ile ya etasivili. Siku hizo zikipita, ni lazima kupitia tribinali ili kupata hukumu ya kushika nafasi ya tangazo lile, na hapo kuna safari na gharama. Tunajua kwamba wengi wetu tulijifungua porini ao kambini, na kwamba vyeti vya wengine vilibaki ndani ya nyumba zilizochomwa. Kila kikundi kinaweza kuhesabu watoto wake wasio na cheti, na kutumia sanduku la msaada la AVEC kwa safari ya wamama watatu ao wanne pamoja. Kadi ya chanjo na karatasi ya ubatizo pia zitunzwe. Zinasaidia kuonyesha siku ya kuzaliwa. Tuziweke ndani ya nailoni isiyopitisha maji, karibu na mlango, mahali mkono unapofika haraka usiku.

Mama aliyeuliza “hapa atakuwa nini” hakupata jibu kamili kutoka kwetu, na hatutaki kumdanganya. Shimo liko, bunduki ziko. Hatusemi mtoto asiondoke. Tunasema akiondoka, aondoke na jina tulilomwita siku ya kwanza, na umri wake wote. Mwenzetu yule alimjibu mgeni kwamba atatoa mtoto siku atakapoona leseni na barua ya klabu. Mgeni hajarudi. Mtoto bado anacheza kila jioni, na Jumatatu mama yake anakwenda kuuliza habari ya cheti. Mwenye mtoto asiye na karatasi anaweza kufuatana naye.